Siku Niliyowapokea Mabalozi Wawili

Afadhali niwasimulie mwenyewe kabla Mdoe hajawafikia, kwa sababu Mdoe akiisimulia habari hii huanza kucheka katikati, na akishacheka anaiacha ile sehemu isiyochekesha. Basi sikieni kwangu. Mimi ndiye niliyemkalisha balozi mzima wa nchi barazani, kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi, huku meza kuu nikiwa nimempa balozi wa nyumba kumi, yule wa mtaani anayesuluhisha majirani. Nilifanya hivyo nikiwa na akili zangu timamu, nimevaa tai, orodha iko mkononi. Aibu ni yangu peke yangu na sina wa kugawana naye.

Mnanijua nilivyo. Ni katibu wa ofisi ya mbunge hapa Handeni, mwaka wa tisa sasa. Shule yangu iliishia darasa la saba, na yote niliyoyajua baada ya hapo nimejisomea, nikayaandika kwenye kaunta buku ambazo leo zimefika kumi na saba, kila moja ina faharasa nyuma (Mdoe, ambaye ni karani wa vikao kwenye halmashauri, huziita Msahafu wa Mhina, na nimekwisha kumkataza). Sipendi kusema jambo nisilolijua. Hilo nalisema mapema ili muone vizuri lilipokuja kunishinda.

Tuliitwa semina ya siku tatu Korogwe, kwenye ukumbi mmoja Kwamndolwa, sisi makatibu na wasaidizi wa wabunge wa majimbo ya huku, pamoja na makarani kama Mdoe. Mada ilikuwa sera ya mambo ya nje. Najua mtu atauliza, katibu wa jimbo la wakulima wa mahindi ana habari gani na mambo ya nje? Anayo. Watu wetu wanavuka mpaka kutafuta kazi, wanakamatwa huko, wengine wanafia huko, na ndugu zao hawaendi kwa waziri, wanakuja kwangu, wanakaa kwenye kile kiti kilicho mbele ya meza yangu na kuniuliza nifanye nini. Na mimi kwa miaka minane nilikuwa nikiwajibu kwa kukisia.

Wakati ule aliyekuwa akikaa kwenye kile kiti zaidi ya wote ni Mama Rehema wa Misima. Mumewe, Bakari, alikwenda nchi jirani kupasua mbao (nchi yenyewe siitaji, watu wake hawana kosa katika mkasa huu), akakamatwa hana karatasi, akafungwa miezi sita, akaimaliza. Lakini hakutoka. Kule hawamwachii mgeni mpaka nchi yake iseme kwa maandishi kwamba huyu ni wetu, na hakuna aliyekuwa amesema. Mwezi wa nne ulikuwa unakatika yuko ndani na kifungo kimekwisha. Huku Misima mama yake mzazi alikuwa kitandani, hawezi kula, na kila mlango ukilia anauliza, "Ni Bakari?" Mama Rehema aliniambia hivyo mara moja tu, na hakurudia, na mimi sikuhitaji arudie.

Tulikusanya karatasi zote: cheti cha kuzaliwa, kiapo cha mahakamani, barua ya mtendaji wa kijiji, zote halisi, zenye mihuri. Wiki moja kabla ya semina nikampigia mwezeshaji wetu, Mwalimu Neema, kijana wa kike kutoka Dar aliyesomea mambo hayo, nikamweleza. Akasema, "Katibu, una bahati. Siku ya tatu nitaleta balozi mstaafu, na kesho yake anasafiri kwenda nchi hiyo hiyo kwenye mkutano. Faili mpe mkononi. Atalifikisha ubalozini kwetu mwenyewe, kwa mtu anayehusika." Mkononi. Neno hilo nililiandika kwenye kaunta buku na kulipigia mstari mara mbili.

Nikamwambia Mama Rehema aje Kwamndolwa siku ya tatu na faili lake. Nikamwonya pia, na onyo hili mlikumbuke: asimweleze mtu yeyote habari zake mpaka mimi nimpeleke kwa mkubwa. Nilikuwa na sababu. Kabla ya kuja kwangu kishoka mmoja wa mjini alikuwa amemzungusha miezi miwili akijidai ana mjomba uhamiaji. "Ukiulizwa, sema unamsubiri Katibu, basi," nikamwambia. Akasema, "Sawa, baba."

Siku ya kwanza Mwalimu Neema akauliza darasani, "Nani hapa anajua itifaki?" Nikanyoosha mkono upesi kuliko mtoto wa shule. Mimi nilikuwa nimesoma habari za itifaki kwa wiki tatu, itifaki zile za mikataba, yale makubaliano ya nyongeza ambayo nchi hutia saini baada ya mkataba wenyewe, na nilikuwa na kurasa kumi na moja. Akasema, "Safi sana. Basi Katibu Mhina ndiye afisa itifaki wetu siku ya kufunga. Utapokea wageni na kupanga viti." Watu wakapiga makofi, Mdoe akapaza sauti, "Itifaki imezingatiwa!" na ukumbi mzima ukacheka. Nilielewa palepale kwamba nimenyooshea mkono kitu kingine. Ningeweza kusema, Mwalimu, samahani, mimi nilidhani unauliza ile ya mikataba. Sikusema. Nilikaa chini nikatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyezoea.

Jioni nikafungua kaunta buku ya tisa, ambamo nilikuwa nimenakili maneno kutoka kitabu kimoja chakavu nilichokinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, na nikakuta kwamba kumuuliza balozi jina lake mlangoni ni kumvunjia heshima, mwenyeji hutakiwa kumjua. Nikalikariri. Kesho yake Mwalimu Neema akaniambia, "Nikutumie picha ya Balozi kwenye simu, ili umtambue?" Nikamjibu (na hapa ndipo kosa lote lilipozaliwa, mengine ni watoto wake), "Hapana haja, Mwalimu. Balozi hajifichi."

Siku ya tatu ikafika. Mwalimu Neema alikwenda mjini asubuhi kuchukua vyeti vyetu stesheneri, akaniachia ukumbi. Kwenye orodha kulikuwa na mstari mmoja tu uliokuwa na maana: Saa nne, Balozi. Nikatandika kitambaa meza kuu, nikaweka maji ya chupa, nikasimama mlangoni na kitambulisho shingoni.

Saa tatu na nusu akaingia mzee mmoja mwenye suti ya buluu iliyopigwa pasi mpaka inakata, kofia nyeupe, fimbo nyeusi ya kutembelea. Anatembea kama mtu aliyezoea kusubiriwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa wa hapa?"

"Ndiye mimi, katibu."

"Mimi ndiye balozi."

Sikuuliza jina. Niliinama kidogo, nikasema, "Karibu sana, Mheshimiwa Balozi," nikamwongoza mbele, watu wote wakasimama, na yeye akawapungia mkono wakae kana kwamba amefanya hivyo maisha yake yote. Baadaye nilijua kwamba huyo ni Balozi Mbwana, balozi wa nyumba kumi wa eneo lile lile la ukumbi. Alikuwa amesikia kuna wageni wamekusanyika kwenye eneo lake siku tatu hawajajitambulisha, akaja kujua ni akina nani. Ni haki yake. Hakusema uongo hata neno moja.

Saa nne kasoro dakika tano (niliangalia saa, naangalia saa sikuzote) akaja mwingine. Mlimani mvua ilikuwa imenyesha, na bodaboda iliyomteremsha ilikuwa nyekundu kwa tope mpaka kwenye taa. Kavaa sweta la kijivu na mabuti ya mvua, mkoba wa turubai uko begani, nywele nyeupe kabisa. Nikamwamkia, akaitikia kwa upole, akasema, "Mimi ni balozi. Nimeambiwa nifike saa nne."

"Balozi tumekwisha kumpokea, mzee. Wewe ni balozi wa wapi?"

Akatabasamu. "Kwa sasa? Wa Vugiri."

Mnaona alivyokuwa anatania. Alikuwa amestaafu, anaishi kwao Vugiri, analima, na huo ndio utani wake. Lakini mimi nikasikia jibu la balozi wa nyumba kumi wa Vugiri, na nikajiuliza huyu mzee ameteremka mlima mzima kufuata chai ya semina? Nikatazama mabuti yake, nikatazama kitambaa changu cheupe.

"Basi keti hapo barazani, mzee. Usiingie mpaka nikuite."

"Hakuna neno, Katibu. Mkiwa tayari mtaniita."

Barazani palikuwa na benchi moja, na kwenye benchi hilo Mama Rehema alikuwa amekaa tangu saa mbili na faili lake limefungwa kwenye kanga, kwa sababu nilimwambia asiyekuwa kwenye orodha haingii. Akasogea, mzee akakaa. Nikafunga mlango.

Simu ikaita, Mwalimu Neema. "Katibu, umeme umekatika huku, vyeti havijatoka. Balozi amefika?"

"Amefika, yuko meza kuu."

"Ah, Mungu akubariki. Mwanzishe, usinisubiri. Saa sita gari linampitia hapo kwenda Dar, hawezi kuchelewa. Azungumzie namna ya kuishi na majirani. Na faili lako usisahau. Simu yangu inazima—" ikazima.

Nikamkaribisha Balozi azungumze kuhusu kuishi na majirani. Alifurahi waziwazi. Akasimama, akaegemeza fimbo mezani, akasema, "Jirani ni mtu wa kuangalia sana. Mbuzi wa jirani akiingia shambani kwako, usimpige. Mkamate, mfunge kivulini, mpe maji, kisha mwite mwenyewe mbele ya mashahidi."

Watu wakaandika. Mimi nikaandika pia: *Mgogoro wa mpaka. Kushikilia mali bila madhara. Usuluhishi mbele ya mtu wa tatu.* Nilivutiwa mno. Nilidhani hii ndiyo lugha ya mabalozi wenyewe, kusema jambo zito kwa kulifunika.

"Takataka," akaendelea, "usimwagie upande wa mwenzio halafu ukasema ni upepo."

Mdoe akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, hapo unazungumzia nchi zipi?"

"Nchi?" Balozi Mbwana akamtazama. "Nazungumzia huku bondeni."

Hapo ningeweza kushtuka. Badala yake nilisimama, mimi Mhina, nikawageukia wenzangu nikasema, "Ndugu zangu, Mheshimiwa Balozi hawezi kutaja nchi hadharani. Tujifunze kusikia." Balozi Mbwana akatikisa kichwa kukubali, kwa maana yake mwenyewe. Aliposema zamani alikuwa na nyumba kumi lakini sasa zimefika kumi na nne na anazimudu zote, mimi nikawafafanulia kwamba nyumba maana yake ni vituo vya ubalozi. Msaidizi mmoja akaniomba nirudie polepole, anaandika. Nikarudia polepole.

Alizungumza karibu saa mbili nzima, na bado hajamaliza. Mara moja nilimwona Mama Rehema kupitia dirishani, amenyoosha shingo ananitafuta, nikamwonyesha kwa kiganja asubiri. Nilikuwa nimepanga kumwingiza mama huyo Balozi akimaliza, kisha nimkabidhi Balozi faili mbele ya watu wote. Ndiyo, mbele ya watu wote, hilo nalo niliseme. Nilitaka Mdoe aone.

Saa sita nilisikia honi nje, nikasema moyoni gari litamsubiri mkubwa amalize. Saa sita na robo Mwalimu Neema akaingia na bahasha ya vyeti, jasho linamtoka. Akatazama meza kuu. Akatazama ukumbi mzima. Akanitazama mimi.

"Katibu, Balozi yuko wapi?"

Nikaonyesha kwa mkono wote, kama vile kitabu kinavyosema, maana kidole ni utovu wa adabu.

"Huyu ni nani?"

"Balozi," nikasema.

"Balozi wa wapi?"

Balozi Mbwana akajibu mwenyewe, "Wa hapa hapa, binti. Nyumba yangu ile pale yenye bati jipya."

Kuna kicheko kinachoanza na mtu mmoja. Kilianza na Mdoe, akajaribu kukimeza, kikamtoka puani, na hapo ukumbi wote ukapasuka, watu wanapiga meza, wengine wanasoma kwa sauti walichoandika, "Mbuzi! Mpe maji!" Balozi Mbwana akakasirika, na alikuwa na haki. "Kwani nimekosa nini? Kaulizwa balozi, mimi balozi. Nimeambiwa majirani, nimesema majirani. Si wewe mwenye tai uliyekuwa unanitafsiri?"

Mimi sikucheka wala sikuona haya bado. Nilikuwa nimekumbuka mabuti ya mvua.

Nilitoka mbio. Benchi lilikuwa na mtu mmoja. Mama Rehema alisimama akanipa karatasi iliyokunjwa mara mbili. "Yule mzee kasema nikupe. Gari limemfuata, limepiga honi mara tatu."

Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kuinama upande mmoja: *Katibu, nimesubiri mpaka saa sita na dakika tano. Nimesikia mna mgeni mwingine, sikutaka kuingilia. Nitakapohitajika nipo.* Chini yake jina, na mbele ya jina neno lile.

Nikalichukua faili kwake, nikapanda bodaboda mpaka barabara kuu, faili kifuani, tai imepeperukia mgongoni. Nilifika stendi nikasimama nikitazama magari yaendayo Segera, nisijue hata natafuta gari la rangi gani. Sikuwa nimeuliza hilo pia.

Saa tisa simu ya Mwalimu Neema ikapata chaji, akampata Balozi akiwa amekwisha kupita Chalinze. Hakukasirika. Alisema tumpigie picha karatasi zote tumtumie, atajaribu. Na alijaribu, alizipeleka hizo picha mpaka ubalozini mwenyewe, lakini wenye mahabusu yao walitaka karatasi halisi zenye muhuri wa kushikika, na karatasi halisi zilikuwa zimebaki huku, kwenye kanga ya Mama Rehema. Tukazituma kwa njia ya kawaida. Njia ya kawaida mnaujua urefu wake.

Mama yake Bakari alifariki wiki ya saba baada ya semina. Nilikwenda mazikoni Misima, nikakaa nyuma kabisa na wanaume wa mbali. Watu walipoanza kutawanyika Mama Rehema akaja kuniamkia. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alisema tu, kama mtu anayepanga mambo yake kichwani, "Siku ile nilikaa naye saa mbili nzima, baba. Nilimpa maji ya kunywa. Akaniuliza, 'Mama, unasubiri nini?' Nikamwambia kama ulivyonifundisha, namsubiri Katibu. Akacheka kidogo, akasema, 'Na mimi namsubiri Katibu.' Basi tukanyamaza, tukakusubiri."

Sehemu hii Mdoe haijui. Sikuwahi kumwambia mtu.

Tangu siku hiyo nimefuta ukurasa ule wa kaunta buku ya tisa. Sikuuchana, nimepiga mstari mwekundu juu yake ili niuone. Siku hizi anayeingia ofisini kwangu, awe na suti au na mabuti, namwamkia, namuuliza jina lake nani na ametoka wapi na amefuata nini, na naandika mbele yake. Wako wanaoudhika. Mheshimiwa mbunge mwenyewe aliudhika siku moja nilipomuuliza mgeni wake mbele yake. Nilivumilia. Na nimeapa kwamba nikiulizwa kama najua jambo, nitauliza kwanza ni jambo lipi.

Bakari alirudi mwezi wa tano baada ya semina. Alikuja ofisini peke yake, mtu mrefu aliyekonda, shati la kuazima, akasimama mlangoni hajaingia. Nikamwonyesha kile kiti. Hakusogea. Nikamwambia, "Karibu, kaa." Akatazama chini.

"Samahani, Katibu, nimezoea vibaya. Kule hukai mpaka jina lako liitwe."

Jina lake nilikuwa nimeliandika mara nyingi kuliko jina la mtu yeyote, na bado nilifungua kaunta buku kulitazama, nisije nikakosea tena. Kisha nikaliita lote, lake na la baba yake na la babu yake, naye akaingia, akakaa.